Pedali za Upande wa Pili

Nyumba ya wageni ya kwanza, chumba cha juu
Jumapili, 4 Agosti

Mwanangu,

Tumefika salama, sote watatu: mimi, baba yako, na hilo gari lake kuukuu la kufundishia. Nilidhani akishastaafu na kukuachia wewe shule ya udereva, safari hii tutaazima gari la watu wazima. Wapi! Kasema hilo ndilo analolijua, na kama miguu ya wanafunzi wake haikuliua miaka yote ile, miguu yake haitaliua. Basi nimekaa kiti cha mwalimu, na mimi nina pedali zangu mbele yangu, breki na klachi, utadhani mimi ndiye ninayemfundisha yeye.

Simu tumeziacha kabatini kama tulivyokubaliana, kwa hiyo usijisumbue kupiga. Barua mpe kondakta wa basi la pwani, atatuachia kwenye nyumba za wageni. Zote unazijua, wewe ndiye uliyetushikia vyumba.

Barabara ni nzuri jamani! Tangu tuvuke daraja bahari iko upande wangu na haijaniacha hata kidogo. Mara iko chini kabisa, mara inapanda mpaka unaona kama itaingia dirishani. Baba yako aliniahidi safari hii mwaka tuliooana, twende na barabara ya pwani mpaka inapokwishia, penye mnara wa taa. Wewe umezaliwa, umekua, umeolewa, ndiyo kwanza tunaondoka. Lakini sinuni. Leo nimeimba njia nzima, na baba yako akaitikia, tena kwa sauti ile ile mbovu.

Sasa kuna jambo. Asubuhi, jua likiwa usoni, ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya barabara. Ng'ombe mzima, mweupe, si kuku. Mimi nikamwona. Baba yako yuko kwenye hadithi ya yule mwanafunzi aliyeingiza gari kwenye duka la magodoro. Nikangoja akanyage breki. Hakanyagi. Ng'ombe anakua tu. Mguu wangu ukaenda wenyewe, gari likasimama taratibu kabisa, maana unajua huu mguu umelelewa na cherehani, haujui kurukia kitu. Baba yako akakohoa kidogo, akasema, "Breki hizi safi sana." Akaendelea na magodoro yake.

Baadaye ikawa vivyo hivyo kwa baiskeli ya muuza samaki, halafu kwa tuta. Niambie wewe uliyefanya naye kazi: ni uzee, ni ubishi, au kuna kitu mnanificha?

Mama yako


Hapo hapo, kibarazani
Jumapili, 4 Agosti

Meneja,

Hujambo? Bado unakalia kile kiti changu kinacholia, au umeshakitupa? Nakuandikia baada ya chakula cha mchana, mama yako amejinyoosha kidogo. Amechoka kwa furaha. Kila tukipinda kona anapiga kelele, "Ona! Ona!" na mimi naona, naona kila kitu, usiwe na wasiwasi.

Mpe hongera fundi wetu wa gereji. Breki alizoweka ni za ajabu. Leo zimeshika mara kadhaa hata kabla sijazifikiria. Ningekuwa na breki hizi enzi zangu ningemaliza kazi na nywele zote kichwani.

Yule daktari wa macho akipiga simu ofisini, mwambie nimesafiri. Yeye hana haraka na mimi sina haraka.

Ukiniandikia tumia kalamu nene na herufi kubwa. Taa za huku ni hafifu.

Baba yako,
Mwalimu


Ofisini
Jumatano, 7 Agosti

Mama, shikamoo.

Soma barua hii ukiwa peke yako.

Daktari wa macho alipiga simu Jumatatu, akapiga tena jana. Baba ana mtoto wa jicho. Jicho la kulia limeshajifunga karibu lote, la kushoto ndiyo linaanza. Kwenye kivuli linajitahidi, jua likimpiga usoni haoni kitu. Anajua tangu miezi kadhaa iliyopita. Daktari anasema ni upasuaji mdogo, watu wanaingia asubuhi na kutoka mchana, ila baadaye atakaa wiki kadhaa bila kuendesha. Alipolisikia hilo la kutoendesha akasimama, akavaa kofia, akamwambia daktari, "Mimi siendeshwi." Akaondoka. Miadi yote aliyopewa baada ya hapo hakutokea.

Na mimi nilimwachia funguo, nikasimama getini nikawapungia mkono kama mjinga!

Barua yake nimeipata. Anasema taa za huko ni hafifu, na mwenyewe kasema ameiandika baada ya chakula cha mchana, kibarazani. Mistari imepandana, jina langu limevuka ukingo wa bahasha. Anasifia breki. Mama, fundi hajagusa breki za gari hilo tangu mwaka jana. Breki anazozisifia ni wewe.

Nakuja na basi Jumamosi. Nitalichukua gari, nanyi mtarudi na mimi. Atanuna, na anune.

Binti yako


(Karatasi ya pili, kwa kalamu ya kuandikia mabango)

BABA, SHIKAMOO. HONGERA NIMEFIKISHA. ENDESHA POLEPOLE. MENEJA.


Nyumba ya wageni ya pili, mkabala na soko la samaki
Ijumaa, 9 Agosti

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisomea bafuni, bomba nimelifungua ili asisikie karatasi. Nilipomaliza nikakaa ukingoni mwa beseni, nikalia. Si sana. Nililia kwa hasira kwanza, kwamba mtu ninayelala naye kitanda kimoja anaweza kubeba jambo kama hili peke yake, halafu nikalia kwa huruma. Halafu akagonga mlango, akauliza kama nimezama.

Usije. Nakuomba, tena nakuomba kama mama. Ukija hapa ukamnyang'anya funguo mbele ya wenye nyumba ya wageni, baba yako hatakwenda kwa daktari wala hatakwenda popote. Atakaa kwenye kiti chake sebuleni mpaka macho yote yafunge, na atakwambia haoni sababu ya kuona. Unamjua. Kichwa kigumu kile alikuachia na wewe.

Nimeshapanga mambo. Nimemwambia jua la asubuhi linaniunguza ngozi, tuwe tunaondoka likishatupita kichwani. Ngozi yangu! Amenitazama, akaniita jina lake lile la cherehani, "Sawa, Fundi, tusije tukakuharibu." Tukiwa njiani nasoma vibao vyote kwa sauti, kama mtu aliyejifunza kusoma jana. "Ona, wameandika tuta! Ona, daraja jembamba! Ona, lori hilo limeandikwa nini nyuma!" Yeye anapunguza mwendo. Asipopunguza, ninapunguza mimi. Tunakwenda kama kobe, mwanangu, hata baiskeli zinatupita na kutupungia mkono.

Na katikati ya hofu yote hii, utacheka, nina furaha. Jana tulisimama penye mchanga mweupe hakuna mtu, baba yako akaingia majini na suruali yake, akaniita, nikakataa, akaniita, nikaingia. Gauni nililolishona mwenyewe kwa ajili ya safari! Tulirudi garini tunachuruzika, tumekalia magazeti.

Najua utakachosema: mama, shika usukani wewe. Huko usitie mguu. Mwaka wa kwanza wa ndoa alinifundisha siku mbili. Siku ya pili, kwenye mzunguko wa sokoni, alinipigia kelele "Kushoto! Kushoto!" mbele za watu, nikazima gari, nikachukua funguo, nikaenda nyumbani kwa miguu. Magari yalijaa mpaka stendi. Nikala kiapo kwamba baba yako atakuwa mume wangu mpaka kufa, lakini mwalimu wangu, hapana.

Mama yako


Hapo hapo
Jumamosi, 10 Agosti

Meneja,

Barua hii ni yako tu. Na jibu lake usilitume kwa jina langu, mama yako atanisomea. Litume kwa dada wa mapokezi wa nyumba ya wageni ya tatu. Atanisomea yeye. Daktari atakuwa ameshakupigia, umeshajua kwa nini, kwa hiyo tusichoshane.

Jicho la kulia halina kitu. La kushoto linanionea huruma. Niliondoka nyumbani nikijidanganya kwamba barabara ya pwani naijua kwa moyo na haina watu. Kuijua naijua. Yule ng'ombe sikumwona.

Mnadhani mimi sijui habari za breki? Binti yangu, nimekaa kiti kile tangu ndevu zangu nyeusi. Pedali zile zimeunganishwa. Mtu akikanyaga upande wa pili, ya upande huu inashuka yenyewe chini ya soli. Ile siku ya kwanza nilihisi inashuka, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nilishtuka. Si kwa ng'ombe. Niliona nimeshikwa. Nikangoja anigombeze. Hakunigombeza. Akaanza wimbo mwingine.

Ndipo nikafikiri. Mwanafunzi tunamwanzisha na nini? Miguu. Usukani hata mtoto anaweza kuzungusha, lakini miguu ndiyo inayowashinda watu. Na mwanafunzi mwenye mguu mzuri kuliko wote niliowahi kupata amekaa kando yangu, na hajui kama yuko darasani! Jana tukipanda mlima nilijifanya nimepaliwa, nikakohoa, nikamwachia klachi. Akaikamata. Gari halikurudi nyuma hata shibiri. Alinipiga mgongoni kwa mkono mmoja huku mguu umetulia pale pale.

Sasa nisikilize. Kisu cha daktari sikiogopi. Ninaloogopa ni baada ya kisu. Nikae kama furushi, jicho limefungwa, gari linakwenda na mimi sijui linakwendaje. Maisha yangu yote watu wengine ndio walioogopa garini na mimi ndiye niliyewaambia wasiogope. Wewe una shule ya kuendesha, na dereva wa kukodi simtaki. Yupo mtu mmoja tu ambaye naweza kumpa roho yangu aishike mikononi, na huyo alishakula kiapo. Akishika usukani Fundi, nitakwenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Asiposhika, siendi.

Kwa hiyo nimepanga kuteguka mguu. Usiniharibie.

Baba yako


Ofisini
Jumatatu, 12 Agosti

Dada wa mapokezi, hujambo? Samahani sana kwa kukuingiza katika mambo ya nyumba yetu. Tafadhali msomee mzee huyu yafuatayo, na akikukatiza usimsikilize.

Baba, shikamoo. Nina siri za mama tumboni, nina siri zako, sasa hivi nikila chakula hakina pa kukaa. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi. Nimeirudisha, na mwenye ofisi ya basi ni shahidi kwamba nilikuwa na hasira.

Nimekubali, kwa masharti. Kwanza, mama asiguse usukani kabla hajapata leseni ya mwanafunzi. Ofisi ya usalama barabarani ipo hapo hapo mjini, na bango la mwanafunzi liko kwenye buti, chini ya jeki. Pili, wewe hushiki tena usukani wa gari hilo hata kwa kulitoa kivulini. Yeye ana macho, wewe una breki. Mkichanganywa mnatoka dereva mmoja kamili. Tatu, nimezungumza na hospitali ya macho ya mji wa mwisho, kabla ya mnara. Wanakungoja Jumatatu ijayo. Usipofika namwambia mama yote, pamoja na la mguu.

Na baba, usimpigie kelele. Nakusihi. Mimi ulinifundisha kwa kelele nikavumilia kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa na pa kwenda. Huyu ana cherehani yake na ana kwao.

Dada, ahsante. Tafadhali mtazame anavyotembea, uniambie ni mguu gani.

Meneja


Nyumba ya wageni ya tatu, chumba cha uani
Jumatano, 14 Agosti

Mwanangu,

Kaa chini kwanza.

Jana tulikuwa tunatembea kwenye miamba, maji yamekupwa, nami nikiokota makombe ya baharini. Mara nasikia, "Aa! Aa! Mguu!" Kugeuka, baba yako amekaa juu ya jiwe kavu, ameshika kifundo cha mguu, amefumba macho yote mawili. Nikaukagua. Haukuvimba, haukuwa na joto, haukuwa na chochote ila mchanga. Nikaufunga kwa mtandio wangu. Alichechemea mguu wa kushoto mpaka kwenye ngazi, akapumzika, halafu akachechemea wa kulia mpaka chumbani. Yule dada wa mapokezi akaingia haraka chumba cha nyuma, nikamsikia akicheka, sijui alikuwa na lake.

Jioni ananiambia kwa sauti ya mgonjwa, "Fundi, sijui tutafikaje." Nikaelewa. Nikamtazama mtu mzima huyu, mvi kichwa kizima, amelala na mtandio wangu wa maua mguuni kwa sababu hawezi kusema neno moja: siwezi. Kiapo changu kikaanza kunichekesha. Nikamwambia, "Tutafika. Nitaendesha." Mwanangu, aliufunika ule uso wake kwa mto. Alidhani sikuona mabega yakicheka.

Asubuhi ofisi ya usalama barabarani. Picha yangu ya leseni ya mwanafunzi usiombe kuiona, nimetoka kama mtu anayetafutwa. Karani akauliza, "Na mwalimu wako ni nani, mama?" Nikamwonyesha: kofia, miwani ya jua, mtandio wa maua mguuni. Karani akatutazama, akagonga mhuri.

Basi nikakaa. Kiti nimekivuta mbele, vioo nimevipanga. Nikangoja kelele. Baba yako akasema polepole, "Ukiwa tayari wewe." Hayo tu. Nikaachia klachi kama ninavyoachia cherehani kwenye hariri, gari likaondoka. Likaondoka, mwanangu! Halikuruka, halikuzima! Nililizima baadaye mara nyingi, lakini la kwanza lilikuwa langu.

Tukapita mji, tukatoka barabarani, bahari ile pale, na mimi nikaitazama. Kosa kubwa. Magurudumu yakaenda kwenye mtaro. Kabla sijapata hata kupiga ukelele, breki ikakanyagwa upande wa pili, bamu! Tumesimama. Vumbi limetupita. Nikatazama chini: mguu uliokanyaga ndio uliofungwa mtandio.

Nikamwuliza, "Umepona?"

Akautazama mguu, akanitazama. Akasema, "Ghafla tu."

Tukacheka mpaka machozi, mpaka mtu wa trekta akasimama kutuuliza kama tumepata ajali. Na yale machozi hayakukatika. Baba yako akaniambia yote hapo hapo pembeni ya mtaro, jicho, daktari, kofia, miadi. Akasema, "Naogopa, Fundi." Tangu anioe sijapata kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikamshika mkono nikamwambia na mimi naogopa, hasa kuligeuza gari.

Akanionyesha namna ya kurudi nyuma kutoka mtaroni. Kelele hakupiga. Aliuma kofia tu.

Mama yako


Mji wa mwisho, nyumba ya wageni ya bandarini
Ijumaa, 16 Agosti

Meneja,

Ripoti ya mwanafunzi. Namtamkia mama yako mwenyewe aiandike, kwa hiyo pima mwenyewe ni ya haki kiasi gani.

Klachi: bora. Breki: bora, ila anawapigia breki hata mbuzi waliofungwa kamba. (Mbuzi alikuwa anataka kuvuka. Fundi.) Usukani: anaupapasa kama anakagua kitambaa, ataacha. Vioo: anavitumia, kwanza kwa barabara, halafu kwa mtandio. (Si kweli. Fundi.) Indiketa: anawasha mapema mno, tuna kona nyuma yetu bado zinatungoja. Honi: anaomba radhi kila akipiga.

Kuzima gari kwenye mzunguko wa mji huu: mara moja. Wakapiga honi watu wote. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye funguo. Nikajua huu ndio ule mzunguko wa siku zile. Kelele zilinijaa kooni nikazimeza zote. Nikamwambia, "Wana haraka wao, sisi tuko safarini." Akawasha, akaondoka, akatoka kwenye njia isiyo yetu, tukazunguka upya. Hatukwenda nyumbani kwa miguu.

Sasa andika na hili, Fundi, usiruke. Meneja, miaka yote nimesema naijua barabara ya pwani. Nimewapeleka wanafunzi wangapi huku kwa ajili ya milima yake! Sikuijua. Dereva anatazama lami, na mwalimu anatazama mikono ya mwanafunzi na lami. Jana, mama yako akiwa ameshika usukani na barabara tupu, niligeuza kichwa upande. Nikatazama bahari, kwa jicho moja bovu, kutoka mji mpaka mji. Haikuwa na kingo. Ilikuwa rangi tu, ya buluu na ya fedha, imejaa dirisha zima. Nikamwambia mama yako, "Mbona hukuniambia?" Akasema amekuwa akipiga kelele "ona, ona" tangu Jumapili ya kwanza.

Nataka kuiona tena ikiwa na kingo. Kesho tunakwenda mnarani, Jumatatu tuko kwa daktari. Mwambie asiniwekee dawa kali.

(Ameniambia nifute la dawa. Nimeliacha. Fundi.)

Baba yako,
Mwalimu


Ofisini
Jumatano, 21 Agosti

Baba, mama, shikamooni.

Hospitali wamenipigia: upasuaji umekwenda salama. Nilikuwa na mwanafunzi barabarani, nikamsimamisha pembeni, nikalia, akadhani amegonga kitu.

Baba, daktari anasema ulimwuliza mara nyingi lini utaendesha, halafu ukamwambia asiwe na shaka, hata ukichelewa kuendesha si neno. Nimemwambia arudie. Akarudia.

Sasa mkae hapo mpaka mpate ruhusa ya kusafiri. Mama, niambie ukweli: nije nikusaidie kurudisha gari? Ile milima ukirudi unaishuka, na bahari itakuwa upande wako wa dereva. Naweza kufunga shule siku chache. Ukisema njoo, nakuja.

Binti yenu


Nyumba ya wageni ya pili tena, mkabala na soko la samaki
Jumatatu, 26 Agosti

Mwanangu, marahaba.

Usije. Mnara tuliufikia ile Jumamosi, sasa tumeshaondoka, na hivi ninavyokuandikia tumeshafika karibu nusu ya njia.

Asubuhi daktari alibandua bandeji akalitazama jicho, akaridhika, akalifunika tena kwa ajili ya vumbi la safari. Yale matone natia mimi, na baba yako analalamika kabla hata tone halijadondoka. Nikamwingiza garini, nikamfunga mkanda. Akavua kofia, akaivaa tena. Mji mzima alikuwa akininong'oneza: "Kioo. Gia. Kioo. Huyo wa pikipiki mtazame." Yeye mwenyewe haoni hiyo pikipiki, anaisikia. Miguu yote miwili juu ya pedali zake, magoti yamekaza. Nikamwacha. Nilijua anaogopa, na mwenye kuogopa humwambii asiogope, unaendesha vizuri tu.

Tukatoka mjini. Bahari ikatokea, safari hii upande wangu kama ulivyosema, nami nimejifunza kuipa jicho kidogo tu na kurudi. Nikaanza wimbo. Hakuitikia. Nikasema labda jicho linamuuma. Nikasema labda nimemkasirisha kwenye ile kona ya lori la mawe, maana nililipita mwenyewe bila kumwuliza. Nikangoja aseme kitu. Mlima wa kwanza nikaushuka kwa gia ya pili, vizuri kabisa, na hakuna aliyenisifu. Nikaudhika kidogo.

Penye sehemu iliyonyooka nikamgeukia.

Amelala. Kinywa wazi, kofia imeangukia sikioni, anakoroma. Viatu amevua, sijui saa ngapi, na miguu ameikunja chini ya kiti, mbali na pedali. Mwanangu, wewe ni mwalimu wa udereva kama yeye. Umewahi kumwona mwalimu akilala kwenye gari la mwanafunzi?

Nilitaka kusimama nilie mahali hapo. Sikusimama, kulikuwa na lori nyuma yangu. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaendesha huku najifuta uso kwa bega. Nikashuka mlima wa pili, nikapita daraja jembamba, nikawasubiri ng'ombe wavuke wote, na mchungaji akanipungia fimbo. Breki nilikanyaga mwenyewe. Nilizikanyaga polepole asiamke.

Aliamka mara moja, tulipokuwa tunaingia kwenye kivuli cha miti. Akapapasa mkanda, akapangusa kidevu, akauliza tumefika wapi. Nikamwambia. Akashtuka. "Milima yote?" Nikamwambia yote.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ningekuamsha kwa lipi?"

Akarudisha kiti nyuma, akajifunika koti, akaniambia tukifika penye kituo cha mafuta nimwamshe akaninunulie maji, koo lisinikauke.

Tulipofika nilishuka taratibu, nikayanunua mwenyewe, nikarudi, nikawasha gari.

Mama yako